Mtumbwi wa Watu Wawili

Leontine Pelletier alikuwa amepiga magoti kando ya mtumbwi uliopinduliwa, msasa mkononi, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope, mlango wa karakana ulipofunguliwa na sauti ya mwanamume ikasema:

"Pole na kazi. Nataka kukodi mtumbwi wa watu wawili."

Sauti ile ilikuwa ya nyumba ya Cyr: nzito, ya polepole, yenye mkwaruzo kidogo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kwa kitambo kifupi moyo ulimwambia ni Gilles, naye akauchukia moyo wake kwa hilo. Kisha akakumbuka kwamba Gilles hakuwahi hata siku moja kumwambia mtu pole na kazi.

Akainua kichwa. Alikuwa Damien, kaka mkubwa wa Gilles, yule aliyekuwa akikaa mwisho wa meza akila kimya, ambaye hata harusi ya Gilles na Leontine hakuisubiri. Alihamia mji wa Bangor kufanya kazi ya mabomba wakati watu bado wanachagua maua. Sasa alisimama pale mlangoni, kofia mkononi, matope ya barafu iliyoyeyuka yamempanda hadi magotini.

"Umerudi," Leontine alisema.

"Tangu Krismasi."

"Na mji mzima huu hakuna aliyeniambia."

"Labda waliogopa kulitaja jina letu mbele yako."

Kweli waliogopa. Gilles Cyr alikuwa amevuka mpaka wa nchi kwenda Quebec huku gauni limeshaning'inizwa mlangoni na keki imeshaagizwa, akapiga simu akiwa huko kusema harudi. Saint Francis, mji wao, si mkubwa. Habari ya msichana aliyeachwa wiki ya harusi yake hukaa pale muda mrefu kuliko theluji.

Leontine akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Mtumbwi wa wawili. Kwenda wapi?"

"Mto Allagash. Kuanzia bwawa la Churchill hadi chini kijijini. Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita visubi watawala wazima wazima. Subirini wa tisa. Majani yamegeuka rangi, hewa safi, visubi wote wamekufa."

"Mwezi wa tisa tutakuwa tumechelewa."

Mmechelewa nini? Swali lilimfika Leontine kwenye ulimi akalimeza. Akauliza lingine. "Na huyo wa pili ni nani?"

Damien aliitazama kofia yake. "Ameniomba nisiseme. Bado."

"Mimi jina sina haja nalo," alisema Leontine, ingawa haja alikuwa nayo, tena imempanda ghafla kama njaa. "Nataka kujua nimpe kafi ya urefu gani."

"Fupi. Yeye ananifika hapa." Akajigusa kifuani.

"Mzito?"

"Mwepesi. Naweza kumbeba."

Leontine akaokota msasa wake chini, ingawa hakuwa na kazi nao. "Anaogopa maji?"

Damien akacheka, na kicheko kile kilimshangaza Leontine, kwa maana katika miaka yote ya kula naye meza moja hakuwahi kukisikia. "Yule? Haogopi chochote chini ya jua. Anakuogopa wewe tu."

"Mimi?"

Damien akajiuma mdomo. Masikio yakamwiva mekundu. "Nitarudi Jumapili, kama utakubali. Sijui kupanga safari ya mto. Nahitaji mtu anielekeze." Akavaa kofia kinyumenyume, akatoka, akaliacha lile neno karakanani na Leontine.

* * *

"Mwambie akakodi kule mjini Fort Kent," alisema baba yake wakati wa chakula cha jioni. Rosaire Pelletier alikuwa ameongoza watu mtoni maisha yake yote, mpaka goti lake moja lilipogoma kukunjika, na sasa mto aliuongoza akiwa jikoni. "Nyumba ile imeshakuaibisha mara moja. Inatosha."

"Damien si Gilles, Baba."

"Wametoka tumbo moja."

"Mimi nimetoka kwako, mbona chapati zangu za ploye hazigandi kwenye kikaangio kama zako?" Akamwekea nyingine mbili kwenye sahani, za moto, za manjano, zimejaa vitobo, siagi inazama ndani.

Mzee akakunja moja, akachovya kwenye molasi, akatafuna bila kukubali kucheka. "Na yule mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Ala! Kumbe hukumwona? Kwenye pikapu yake. Vioo vyote matope, lakini nilikiona kitambaa cha kichwa. Cha bluu. Alikaa mle muda wote ulipokuwa unaongea na huyo bwana wako. Nikampungia mkono. Akajikunja chini ya dashibodi kama mwizi wa kuku."

"Si bwana wangu."

"Nimesema kwa utani. Mbona umesimama?"

Leontine akaketi. Mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye kitambaa cha bluu, asiyeogopa kitu isipokuwa yeye, na mwenye haraka ya kwenda mtoni kabla ya mwezi wa tisa. Nani duniani angeweza kumwogopa Leontine Pelletier, ambaye hata panya wa karakanani walikuwa wakimpita miguuni? Aliligeuza swali hilo akiosha vyombo, akiligeuza na sahani, na kila alipoligeuza lilimchoma mahali pengine.

Kwa nini lichome, ndilo hasa hakutaka kulijua.

* * *

Jumapili, baada ya misa, Damien alifika amenyoa. Mzee Rosaire alikwenda chumbani kulala, akaacha mlango wazi kwa makusudi kabisa. Leontine, aliyeshavaa tena aproni yake ya karakana, alitandaza ramani mezani, upande mmoja akaubana kwa bakuli la sukari, upande wa pili Damien akaubana kwa kiwiko.

Alikuwa na mikono mikubwa yenye makovu madogo ya kuungulia mabomba, na aliigusa ramani taratibu, kama inayoweza kuamka. Leontine alijikuta akiitazama mikono kuliko mto.

"Hapa chini ya bwawa maji ni ya kasi," alisema, akivuta macho yake yarudi kazini. "Mizigo huwa inapelekwa kwa gari mpaka maji yanapotulia. Anaweza kwenda nayo, kama hataki kurushwarushwa."

"Atataka kurushwarushwa. Mimi ndiye sitaki arushwe." Akafikiri. "Hapo anapanda gari."

"Halafu ziwa Umsaskis, halafu Long Lake. Upepo ukiwa wa mbele mtasota. Mnaweza kupiga kafi asubuhi yote?"

"Mimi naweza. Yeye hapana. Inabidi tusimame mara kwa mara."

"Kwa nini?"

"Miguu yake inavimba akikaa sana."

Leontine akaweka alama kwenye ramani kwa kalamu ya risasi. "Chakula je? Kuna kitu asichokula?"

"Vitu vigumu hapana. Na asubuhi tumbo lake linasumbua mpaka apate chai na mkate mkavu."

"Hm."

"Halafu..." Damien akajikuna shingo. "Usiku anaamka kwenda haja. Sana. Kwa hiyo hema liwe mahali tambarare, njia ya chooni isiwe na mizizi. Na pale kwenye maporomoko, tunapobeba mtumbwi begani, ile njia ikoje? Mtu anaweza kuanguka?"

"Mtu yeyote anaweza kuanguka."

"Yeye asianguke, Leontine. Kabisa."

Alilisema kwa upendo mkubwa kiasi kwamba Leontine alihisi kitu kimekatika ndani yake, kamba ambayo hakujua kama ilikuwepo. Kila kitu kilikuwa wazi sasa. Miguu kuvimba. Tumbo la asubuhi. Kuamka usiku. Mwezi wa tisa wamechelewa. Akaiweka kalamu chini.

"Damien, wewe una akili kweli?"

"Nini?"

"Unamchukua mwanamke mwenye mimba unampeleka porini mwezi wa visubi, juu ya maji ya kasi, hakuna daktari, hakuna barabara! Mwambie mkeo ajifungue kwanza! Mto hauendi popote. Na kama ananiogopa kwa sababu mimi niliachwa na mdogo wako, mwambie sing'ati. Nitampa kafi fupi na nitamtakia kila la heri. Basi!"

Chumbani, kitanda cha mzee Rosaire kililia kwa mtu aliyejiinua ili asikie vizuri.

Damien alimtazama kwa mdomo wazi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akaufunika uso kwa mikono, akainama juu ya ziwa Umsaskis, akacheka mpaka machozi yakadondokea ramani.

"Unanicheka?" Leontine aliuliza, sauti imepanda.

"Mimba! Mungu wangu. Ngoja nimwambie, atakufa kwa kicheko." Akajipangusa macho. "Leontine, sina mke. Sijawahi kuwa na mke. Njoo. Njoo nikuonyeshe mjamzito wangu."

Akamshika kiwiko, akamtoa nje hadi kwenye pikapu, akafungua mlango. Ndani, mikono imekunjwa mapajani, kitambaa cha bluu kichwani, uso umeelekezwa mbele kama askari anayesubiri adhabu, alikaa Delphine Cyr, mama yake Damien na Gilles. Mwanamke ambaye Leontine alikuwa karibu kumwita mama mkwe.

"Ameniona?" bibi kizee alimuuliza mwanawe.

"Amekuona, Mama. Yupo hapa. Amesema una mimba."

"Nina miaka sabini na kitu! Nani huyo mpumbavu?" Halafu akatulia, akageuza uso taratibu kumtafuta Leontine. Macho yake yalipita kando kidogo, yakarudi, yakampita tena, mpaka yalipompata katikati. Hapo Leontine akaelewa, na hasira yote ikamwishia.

"Macho, Mama Cyr?"

"Presha ya macho. Yanafunga kutoka pembeni, kama mtu anayenitazamisha kupitia bomba la Damien. Daktari anasema majani yakianza kugeuka rangi huenda nisiyaone." Alilisema kavu, kama anataja bei ya viazi. "Lakini wewe nakuona. Umekonda."

"Sijakonda."

"Basi bomba limekonda."

Leontine alitaka kucheka, akashindwa, akashika mlango wa gari. "Hata siku ile ya kwanza ulikaa humu? Kwenye baridi? Kwa nini hukushuka?"

Bibi akaikaza midomo. "Ningeshuka niseme nini? Sikuja kumwombea Gilles msamaha. Ana mdomo wake, siku moja ataufungua. Mimi nilikuwa na aibu yangu mwenyewe. Nilikupoteza wewe na sikuvuka hata barabara kuja kukuuliza umelalaje. Nilifikiri ukiniona utamkumbuka. Kila siku nikasema kesho, mpaka kesho zikawa nyingi."

"Mimi pia sikuja kwako."

"Wewe hukuwa na wajibu. Kaa kimya niongee kabla sijaishiwa ujasiri." Akautafuta mkono wa Leontine, kwanza akashika hewa, halafu mkono wenyewe. "Nilizaliwa huko juu mtoni, Round Pond, kwenye kambi ya wakata magogo. Baba alikuwa mpishi. Alikuwa anafukia chungu cha maharage ardhini na makaa, asubuhi anafukua, na harufu ile, mwanangu, ilikuwa inawaamsha watu kabla ya kengele. Tuliondoka nikiwa mdogo. Nikaolewa, nikazaa, nikapika, nikazika mume. Mto uko pale, nami sikurudi. Sasa nataka kupaona. Si kusimuliwa. Kupaona."

Upepo ulitoka mtoni, wenye ubaridi wa vipande vya barafu vilivyokuwa bado vinasuguana kwenye kingo. Damien alikuwa amegeukia pembeni, anachunguza tairi lisilo na tatizo lolote.

"Kuna lingine," bibi aliendelea, akishusha sauti kidogo tu. "Huyu mtoto ni mwema, lakini sitaki mwanangu wa kiume anipeleke chooni porini. Nataka mwanamke. Tena nataka mwanamke anayeujua mto. Nilimwambia aombe mtumbwi wa wawili kwa sababu sikuthubutu kuomba wa watatu."

Leontine alimtazama Damien. Damien alimtazama Leontine. Kwa mara ya kwanza hakuyakimbiza macho yake, na yalikuwa ya kahawia, yenye swali ambalo halikuwa la choo wala la hema.

"Hapana!"

Mzee Rosaire alikuwa kwenye ngazi za mlango, soksi bila viatu, ramani mkononi. "Nimesikia yote. Hapana! Binti yangu hatalala porini wiki nzima na mwanamume wa Cyr. Watu watasema nini?"

"Wameshasema yote, Baba," alijibu Leontine. "Hawana jipya."

"Rosaire Pelletier," aliita Delphine kutoka garini, "unakumbuka ulipokuja kunitongoza umevaa koti la kaka yako, mikono inakuzidi?"

Mzee akaiva. "Hayo yametoka wapi?"

"Nilikuwa na macho wakati ule, nikakukatalia. Sasa nimebaki na masikio na mgongo. Mgongo wangu utalala katikati yao kila usiku, na masikio yangu hayafungi. Una wasiwasi gani tena?"

"Baba," alisema Leontine, akapanda ngazi mbili hadi uso wake ukawa sawa na wa baba yake. "Unaniona ninavyoishi? Nasugua mitumbwi ya watu wanaokwenda. Tangu Gilles, wewe ndiye umeninyima kwenda mtoni, na mimi nikakubali kwa sababu ilikuwa rahisi. Nilikuwa naogopa kukutana na nyumba ile. Nimekutana nayo. Iko kwenye gari, inasikia baridi, na inataka kuona ilipozaliwa."

Mzee aliitazama ile pikapu, kitambaa cha bluu, goti lake mwenyewe. Taya zilicheza. Hatimaye akaikunjua ramani ukutani, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Nani aliyeweka hema hapa?"

"Mimi," Leontine alisema.

"Hapa kuna mwinuko wa kuua mbuzi. Mama wa watu atapandaje, kwa kamba?" Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akafuta alama kwa kidole kilicholowa mate, akaandika nyingine. "Mlale upande wa pili. Kuna mchanga. Na kwenye maporomoko msibebe mtumbwi na bibi kwa pamoja. Kwanza bibi. Mtumbwi hauna mifupa." Akamsukumia ramani Damien kifuani bila kumtazama, akaingia ndani, mlango ukagonga.

"Hiyo ndiyo 'ndiyo' yake," Leontine alinong'ona.

"Nimeijua," Damien alinong'ona pia. "Na yako?"

"Yangu nimeshaisema kwa Baba. Hukusikia?"

"Nilisikia. Nilitaka kusikia tena."

Walikuwa wamesimama karibu, ramani katikati yao. Leontine alikuwa na maswali mengi kiasi cha kutojua aanze na lipi, na lililotoka lilikuwa lile alilolibeba muda mrefu bila kujua. "Kwa nini uliondoka kabla ya harusi yangu? Gilles alisema ulipata kazi. Lakini kazi ya mabomba ipo hata Fort Kent."

Damien akaanza kuikunja ramani.

"Mwambie," ilisema sauti ya garini. "Au niseme mimi. Nimekuwa kipofu, sikuwa kiziwi. Ulikuwa unalia bafuni na bomba limefunguliwa."

"Mama!"

"Funga mlango basi kama hutaki nisikie."

Damien akaufunga mlango wa gari. Kioo kilikuwa wazi nusu, lakini hakuna aliyejali. Akavuta pumzi. "Kila Jumapili ulikuwa unakuja kula kwetu. Ulikuwa unakaa karibu na dirisha, unacheka huku mdomo umejaa. Nilikuwa nahesabu siku mpaka Jumapili, kisha nikajikamata nikihesabu. Mchumba wa mdogo wangu. Ningebaki ningefanya nini? Nisimame kanisani nimshikie pete? Alipokuacha nilitaka kuja. Nikaona utafikiri ukoo wetu unakubadilishia mmoja kwa mwingine kama bidhaa ya dukani. Sikuja. Na sasa sikuja kwa ajili ya hilo, nimekuja kwa ajili ya Mama. Lakini umeuliza."

Leontine alikuwa akimtazama kama anavyotazama kipande cha mto ambacho hajawahi kukipita: maji yanaelekea wapi, jiwe liko wapi, pa kupita ni wapi. Akaona pa kupita. Akanyoosha mkono, akaondoa kwa kidole gumba chembe ya mbao iliyokuwa imemganda shavuni alipoiinamia ramani, mbao ya karakana ya Leontine mwenyewe, akauacha mkono pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mmekula?" aliuliza.

"Mama ameacha maharage kwenye oveni tangu jana."

"Basi nendeni mkale." Lakini hakuondoa mkono.

Bibi Delphine akatoa kichwa dirishani. "Sufuria ni kubwa na sisi ni wawili. Nani atayamaliza?"

Nyumba ya Cyr ilikuwa mwisho wa barabara ya mtoni, nyuma ya kanisa. Tangu siku ile ya simu ya Quebec Leontine alikuwa akizunguka mbali kwa miguu ili asiione hata bomba lake la moshi. Alisikia pazia la jikoni likisogezwa nyuma yake, akajua baba yake anatazama. Akavua aproni yenye vumbi, akaitundika kwenye msumari wa mlango wa karakana, akazunguka pikapu hadi upande wa abiria.

"Sogea, Mama," alisema.

Delphine alisogea haraka kuliko umri wake, akakipigapiga kiti kumkaribisha.

"Utarudi saa ngapi?" mzee Rosaire alipiga kelele kutoka dirishani.

"Sijui, Baba!" Leontine alijibu, na Damien akawasha gari.